Uwanja wa Wikiendi Hauna Orodha

Wadogo zangu wa Morotonga, wilayani Serengeti, leo nazungumza na wewe ambaye jina lako halikusomwa walimu walipotaja timu ya mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, au ya sekondari, UMISSETA, ukaona basi, michezo si yako tena. Sivyo hata kidogo! Timu ya shule huchukua wachache kwa kuwa nafasi ni chache. Uwanja wa wikiendi hauna orodha, anayefika anacheza.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili kwa wastani wa angalau dakika 60 kila siku. Najua wengi wenu mnakwenda shule kwa miguu, mnachota maji, mnachunga ng'ombe. Hiyo ni kazi ya mwili, msiidharau. Lakini kisimani hufundishwi kumpa mwenzako pasi, kufungwa bila kununa, wala kumwomba radhi uliyemkwatua. Hayo hupatikana mchezoni, na umri wenu ndio wakati wake.

Wasichana, sogeeni. Mwili ukianza kubadilika, wengi wenu mnahamia pembeni na kuwa watazamaji. Usihame. Vaa nguo inayokusitiri na isiyokubana, jikusanyeni hata wanne, chezeni netiboli, rede, kamba au mpira. Ukiwa kwenye siku zako na unajisikia vizuri, kucheza hakukudhuru. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, ilicheza Kombe la Dunia kule India, ikaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Jina walilobeba ni la wilaya yako! Sikudai ufike huko. Nataka ujue mpira ni wako pia.

Sasa ruhusa. Usitoroke, tafadhali. Maliza kazi zako asubuhi, mwenye zamu ya kuchunga abadilishane na ndugu yake, kisha mwambie mama au baba unakwenda wapi, na nani, na utarudi saa ngapi. Ukisema saa kumi na mbili, iwe hiyohiyo. Ruhusa ya wiki ijayo inategemea saa uliyorudi wiki hii. Siku nayo pangeni kwa kuheshimiana: wenzenu Wasabato Jumamosi wako kanisani, kwa hiyo Jumapili alasiri inaweza kuwafaa wote.

Hamna mpira? Viringisheni makaratasi na matambara, mfunge kwa kamba. Chezeni jua likipungua, mbali na njia ya bodaboda, na maji ya kunywa yawepo.

Na wewe fundi wa chenga, nina ombi kwako. Mkigawana timu, anza kumchagua yule ambaye kila mara hubaki wa mwisho, kisha mpe pasi. Akicheza leo kwa furaha, wiki ijayo atakuja na mdogo wake.