MSAFIRI NA NAFSI YAKE
Somo kwa Mwenye Kwenda Miji Mikubwa ya Ugenini

Shukrani zote ni za Mola aliyewatandazia waja wake ardhi wakapita ndani yake kutafuta riziki na ilimu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baadu. Jambo la kwanza apasalo kulijuwa mwenye kusafiri ni kwamba mtu atokapo mjini kwake haachi nyuma ila nyumba na majirani. Nafsi yake huenda nayo. Na mtu akiwa kwao huzuiliwa na maovu kwa vitu viwili: khofu ya Mungu na haya ya watu. Afikapo ugenini haya ya watu humwondoka, kwani hakuna amjuwaye wala amwulizaye. Hapo ndipo hubainika kama ile khofu ya Mungu ilikuwamo moyoni, au alikuwa akiwachelea majirani tu.

Na upigwe mfano wa kijana Mwislamu wa Bariadi, mji mkuu wa mkoa wa Simiyu uliotengwa na Shinyanga mwaka wa 2012, nchi ya Wasukuma na ya pamba. Msimu wa pamba umekwisha, akiba yake ameikusanya, ametia nguo mbili tatu katika mkoba wa mgongoni. Hushika njia ya Lamadi mpaka Mwanza, kisha Dar es Salaam, kisha hupanda ndege kwenda Bangkok au Guangzhou, atazame ulimwengu na apate bidhaa za kuuza. Kule Bariadi akikosekana msikitini Alfajiri, wazee humwuliza; akionekana penye ulevi, khabari humfikia mamake kabla yeye hajafika nyumbani. Bangkok yumo kati ya mamilioni ya watu, na wageni wa kila taifa, na njia ambazo taa zake hazizimwi usiku kucha. Kila mlango una mtu amwitaye rafiki. Huo ndio mtihani wake, wala si mdogo.

SUALA: Je, msafiri huyu ana ruhusa ya kupunguza Sala?

JAWABU: Katika madhehebu ya Imamu Shafii, nayo ndiyo ya watu wa pwani, safari ikiwa ya marhala mbili au zaidi, na iwe ya halali, msafiri ana ruhusa ya kuzisali rakaa mbili zile Sala za rakaa nne, na kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Mwendo wa kutoka Bariadi mpaka Mwanza peke yake watosha. Akinuia kukaa pahala siku nne kamili, mbali ya siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa hukoma, naye husali kama mwenyeji.

Walakini wanazuoni wametenga watu wawili. Wa kwanza ni yule aliye muasi kwa safari yake, yaani aliyefunga mkoba kwa kusudi la maasi yenyewe, kama kuendea zinaa au kubeba vilevi. Huyu hana ruhusa hiyo, kwani ruhusa ni msaada, na Sheria haimsaidii mtu katika kumuasi Mola wake. Wa pili ni yule aliye muasi katika safari yake, yaani aliyetoka kwa jambo la halali, kisha njiani akateleza. Huyu ruhusa yake ipo, na mlango wa toba u wazi mbele yake.

Katika tafauti hii mna mafunzo mawili. La kwanza, vita vya msafiri huanza siku afungapo mkoba, si siku afikapo mjini, na ajiulize angali Bariadi, "Naenda kutaka nini?" La pili, aliyeteleza usiku mmoja asisikilize sauti imwambiayo kuwa amekwisha kuharibika, basi na aendelee. Hiyo ni hila ya pili ya Shetani, na huwaangamiza wengi kuliko ile ya kwanza. Na aondoke pale pale, atubu, aswali Sala iliyo mbele yake.

KHABARI YA IBN BATTUTA

Mtu huyu alizaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko, mwaka wa 1304, akatoka kwao peke yake mwaka wa 1325 kwenda Hija, naye ni kijana wa miaka 21. Mwaka wa 1331 alipita pwani hii, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, akawasifu watu wa Mombasa kwa dini na wema wao. Baadaye alifika Bara Hindi, na katika khabari zake asimulia alivyofika China na bandari yake ya Zaitun, ambayo leo huitwa Quanzhou.

Aliisifu China kwa amani, wingi wa mali na ufundi wa watu wake. Lakini alikiri kwamba moyo wake haukutua. Kila atokapo nyumbani aliona mambo yaliyomchukiza, basi akashika kukaa ndani asitoke ila kwa haja. Na alipokutana na Waislamu alifurahi kama aliyekutana na jamaa zake. Siku moja alimkuta huko mtu wa Sabta, mji ulio karibu na kwao, wakalia wote wawili. Basi upweke si aibu: mtu aliyezoea safari miaka ishirini na zaidi alilia kwa upweke.

Na asimulia ada iliyokuwako huko. Mfanyi biashara Mwislamu akifika, alishukia kwa tajiri Mwislamu mwenyeji au katika nyumba ya wageni. Mali yake iliwekwa amana kwa mwenyeji, akawa humtolea matumizi yake kwa uadilifu, na siku ya kuondoka hufanyiwa hisabu. Kikipungua kitu, mwenyeji hulipa. Lakini kutapanya mali katika ufisadi alikatazwa, kwani wenyeji hawakupenda kusemwa katika nchi za Kiislamu kwamba wageni hupoteza mali zao kwao. Tazama hekima yao: hawakumwachia kijana na fedha zake peke yao katika mji wa usiku.

YAMPASAYO MSAFIRI

Kwanza, auulize msikiti kabla hajauliza soko. Guangzhou una msikiti wa kale uitwao Huaisheng, na Bangkok ina misikiti mingi, miongoni mwao Haroon na Ton Son. Atakayeonekana safuni kila siku amekwisha kupata watu wa kumwuliza akikosekana. Ile haya aliyoiacha Bariadi ameikuta tena.

Pili, fedha zake azigawe, na za usiku ziwe za chakula tu.

Tatu, asikubali kamwe kubeba mzigo wa mtu. Katika sheria ya China, gramu 50 za heroini zatosha kumfikisha mtu kwenye hukumu ya kifo. Mwaka wa 2013 barua za Watanzania waliofungwa Hong Kong kwa kubeba dawa za kulevya zilienezwa, wakiwaonya ndugu zao wasidanganywe kama walivyodanganywa wao. Ujira wa mkoba mmoja ukishinda pamba ya miaka kumi, na ajuwe kuwa ndani mna shingo yake.

Nne, asijitie penye fitina akijitegemea nguvu zake. Nabii Yusuf alikuwa kijana, mgeni, mbali na babake, na mlango ulifungwa; asisimame kuhojiana, bali aliukimbilia mlango. Ikiwa Nabii alikimbia, nani asimamaye?

Wala asidhani kwamba watu wa miji ile ni waovu. Wengi wao ni wenye adabu na kazi, na ule mlango wa ufisadi hauna faida ila una wanunuzi. Wengi wa mabinti wasimamao kwenye milango ile ya Bangkok hutoka kaskazini mashariki mwa nchi, kwa wakulima wa mpunga, wakatolewa makwao na ufukara na deni. Mwana wa mkulima wa pamba ajuwa mvua ikikosekana nyumbani huwaje. Basi anunuaye pale hanunui furaha. Hununua msiba wa nyumba iliyo kama ya babake, na binti aliye kama dada yake.

Na siku akirudi, wa Bariadi watamwuliza ameleta nini. Bidhaa zitauzwa zishe. Kitakachosalia ni kile alichokifanya pale ambapo hakuna aliyemwona ila Mola wake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wa Kiislamu, barani na baharini na angani, awarudishe makwao na dini zao zikiwa salama. Amin.