Ngeli Isiyobagua, Kazi Inayobagua: Lugha na Nafasi ya Wanawake katika Sayansi

Utangulizi

Sarufi ya Kiswahili haina jinsia. Kiwakilishi yeye humrejelea mwanamume na mwanamke pasi na tofauti. Nomino kama vile mhandisi, rubani na mtafiti huingia katika ngeli ya A-WA bila kuuliza jinsia ya mwenye kazi. Je, usawa huu wa kisarufi unatosha kuleta usawa katika maabara na karakana? Makala haya yanashikilia kwamba hautoshi, na kwamba wakati mwingine huficha ubaguzi uliopo.

Jinsia katika Matumizi

Pale ambapo sarufi imenyamaza, wasemaji husema. Husikika mara nyingi "mhandisi wa kike" na "rubani wa kike", ilhali "mhandisi wa kiume" ni nadra. Kinyume chake, "muuguzi wa kiume" si maneno mageni. Kivumishi hiki hakielezi ujuzi. Humtangaza mhusika kuwa mgeni katika kazi yake mwenyewe. Isitoshe, anayehimizwa kuvumilia huambiwa ajikaze kiume, hata akiwa mwanamke.

Hata hivyo, kunyamaza nako kuna hasara. Ripoti ikisema kwamba kampuni imeajiri wahandisi 12, msomaji hawezi kujua iwapo kuna mwanamke hata mmoja miongoni mwao.

Mfano wa Wangari Maathai

Wangari Maathai (1940-2011) alirejea Kenya mwaka wa 1966 akiwa na shahada ya uzamili katika biolojia kutoka Marekani. Katika tawasifu yake, Unbowed (2006), anasimulia kwamba alikuwa ameahidiwa kazi ya utafiti katika idara ya zuolojia jijini Nairobi, lakini alipofika akakuta imepewa mtu mwingine. Aliamini kwamba kabila na jinsia yake vilichangia. Baadaye alipata nafasi katika anatomia ya mifugo, akahitimu uzamifu mwaka wa 1971, na kufikia mwaka wa 1976 alikuwa mkuu wa idara hiyo.

Lakini kuingia si kujumuishwa. Akiwa mhadhiri, yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walilazimika kupigania marupurupu sawa kwa wahadhiri wanawake. Jaribio la kukifanya chama cha wahadhiri kuwa chama cha wafanyakazi lilikataliwa na mahakama, ingawa mengi waliyoyadai yalitimizwa baadaye. Funzo ni kwamba cheo kinaweza kuwa kimoja, na masharti ya kazi yakawa mawili.

Sheria na Mazoea

Leo sheria imepiga hatua. Sheria ya Ajira ya 2007 inaharamisha ubaguzi wa kijinsia kazini, inadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Kifungu cha 27(8) cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kuhakikisha kwamba jinsia moja haizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Hata hivyo, sheria huweza kumpa mwanamke kiti tu. Haiwezi kuwazuia wenzake kumkabidhi kila mara kazi ya kuandika kumbukumbu za mkutano, huku mitambo ikiachiwa wanaume.

Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili, ambao kesho watakuwa watafsiri, wahariri na waandishi wa matangazo ya kazi, wana wajibu hapa. Kanuni yenyewe ni nyepesi: jinsia itajwe panapohesabiwa watu, isitajwe panapopimwa ujuzi. Takwimu za ajira na za kupandishwa vyeo zionyeshe wanawake ni wangapi. Barua ya mapendekezo iseme tu kwamba huyu ni mhandisi hodari. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sayansi inayoacha nusu ya vinga nje ya meko haina budi kulalamikia baridi.