SOMO LA KIKUNDI: Je, Spiriti ya Molasi Inalipa?



Tuseme akina mama wa Obunga wanauliza hivi: "Molasi tunaijua, chang'aa tumepika miaka mingi. Tukitengeneza spiriti ya jiko badala yake, si tutapata pesa bila kukimbizana na askari?" Ni swali la maana. Basi tupige hesabu kabla ya kugusa pesa ya chama.

Jerikeni ya lita 20 ikijaa molasi ina kilo 28 hivi, kwa maana molasi ni nzito kuliko maji. Karibu nusu yake ni sukari. Kiwanda kizuri hutoa lita 1 ya spiriti kwa kila kilo 4 za molasi, yaani lita 7 kwa jerikeni. Nyinyi na dramu yenu mtapata pungufu.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Spiriti haina moto sawa na mafuta ya taa. Kazi ya lita 1 ya mafuta ya taa yataka lita 1.6 za spiriti. Kwa hivyo zile lita 7 ni sawa na lita 4 na nusu hivi za mafuta ya taa, basi! Ulizeni dukani hizo ni pesa ngapi, halafu mtoe bei ya molasi, hamira, maji na kuni.

Kuni msizisahau. Pombe iliyochacha ina spiriti sehemu 8 hivi tu kwa 100. Kupata lita 1 mtachemsha lita 12 na zaidi, na ikipikwa mara moja bado ina maji mengi, jiko halitawaka vizuri. Lazima irudiwe motoni. Yale masalio, lita kumi na kitu kwa kila lita ya spiriti, yakimwagwa mtaroni yanafika ziwani na kuwanyima samaki hewa.

Mbona basi chang'aa inalipa? Mnywaji hanunui moto, ananunua ulevi, na huo ana bei yake. Sheria ya 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa, lakini kupika bila leseni bado ni kosa.

Hata wakubwa wamehangaika. Kiwanda cha Agro-Chemical pale Muhoroni kilijengwa jirani na kiwanda cha sukari, na kimewahi kuuza hamira pia. Spiriti yake ilichanganywa na petroli kuanzia 1983, mpango ukasimama 1993. Mtambo wa molasi wa Kisumu nao ulianzishwa mwisho wa miaka ya 1970, ukakwama kabla ya kumalizika, ukafufuliwa miaka ya 2000.

Kwa maoni yangu, jerikeni ile ile mkiwauzia wafugaji wa ng'ombe wakati wa kiangazi ina hatari ndogo zaidi.

Maswali ya kujadili:
1. Jerikeni ya molasi kwenu ni bei gani leo?
2. Kuni za kupika mara mbili zitatoka wapi, na nani atalipa?
3. Spiriti ya jiko ikibaki nyumbani usiku, nani atahakikisha hainywewi?