Usipake rangi juu ya kuvu, tafuta maji yanakotoka

KILA baada ya mvua ya masika, wakazi wengi wa Kitengela huona kuta za nyumba zao zikibadilika. Rangi hubambuka karibu na sakafu, madoa meusi huota nyuma ya kabati na nguo hunuka uvundo. Wengi hununua mkebe wa rangi na kuyafunika madoa hayo. Baada ya miezi michache hurudi, kwa kuwa maji yaliyoyaleta bado yapo.

Kuvu ni hatari kwa afya. Mnamo 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari zaidi ya kupata pumu na matatizo ya kupumua. Mjini Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020. Uchunguzi wa kisheria uliamua mwaka wa 2022 kuwa chanzo kilikuwa kuvu nyumbani mwao. Baba yake alikuwa ameshauriwa aipake rangi.

Kwanza, jua maji yanatoka wapi.

Kutoka chini: Unyevu huanzia sakafuni na kupanda. Udongo mweusi wa Kitengela hushika maji kwa muda mrefu, na ikiwa juu ya msingi hapakutandazwa plastiki au lami, mawe huyafyonza. Unga mweupe unaoonekana hapo kwa kawaida ni chumvi, si kuvu.

Kutoka juu: Doa huwa chini ya dari au kando ya bomba, na hupanuka mvua inaponyesha. Paa au bomba linavuja.

Kutoka ndani: Ni mvuke wa kupika, kuoga na nguo zilizoanikwa chumbani, hasa Julai madirisha yanapofungwa kwa ajili ya baridi. Kuvu hushika pembe za chumba.

Ukiwa na shaka, bandika kipande cha plastiki ukutani, ukizibe pande zote kwa utepe, na uache siku 2. Maji yakiwa nyuma ya plastiki, ukuta umelowa. Yakiwa mbele, ni mvuke wa chumbani.

Penye mvuke, fungua madirisha kila siku na usogeze kabati mbali na ukuta. Penye maji ya chini, chimba mtaro wa kuyaondoa karibu na msingi. Kisha osha kuvu kwa sabuni, halafu kwa jiki, kikombe 1 katika lita 4 za maji. Vaa glavu, funika pua na mdomo, na usichanganye jiki na dawa ya choo, kwani hutoa hewa yenye sumu. Paka rangi ukuta ukishakauka kabisa.

Wewe mpangaji, mwandikie mwenye nyumba na ubaki na nakala. Akipuuza, mwone afisa wa afya ya umma. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, humpa uwezo wa kumwagiza mwenye nyumba inayodhuru afya airekebishe.