Jinsi ya Kuisoma Picha ya Mawindo

Wengi wetu tukionyeshwa picha husema, "Nzuri," kisha tukafunua ukurasa. Lakini picha husomwa kama barua. Leo napenda kuwaeleza njia ya kuisoma, kwa mfano wa kazi za Philips Wouwerman, mchoraji wa Uholanzi aliyezaliwa Haarlem mwaka 1619 na kufa mwaka 1668. Alichora picha nyingi za mabwana na mabibi wakienda kuwinda.

Kwanza, tazama mahali. Mbingu ni pana, nchi iko chini, na watu ni wadogo ndani yake.

Pili, tazama nani yuko juu na nani yuko chini. Mabwana wamepanda farasi. Mara nyingi mmoja wa farasi hao ni mweupe, naye ndiye huvuta macho kwanza. Watumishi huenda kwa miguu pamoja na mbwa. Jambo hili si la bahati tu. Siku zile kuwinda kulikuwa, kwa sheria, hasa haki ya makabaila. Kwa hiyo mchoraji alipomweka bwana juu ya farasi, aliichora na sheria pia.

Tatu, uliza: nani hayumo? Farasi wale hupita mashambani mwa watu, lakini mwenye shamba haonekani, au amewekwa pembeni.

Swali hili la tatu ndilo lililonirudisha kwetu Rufiji. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann wa serikali ya Wajerumani alitoa amri kwamba wanyama wakubwa wasiwindwe ila kwa cheti, na pori likatengwa upande huu wa Rufiji. Baadaye Waingereza walilipa pori kubwa la huku jina la Frederick Selous, mwindaji wao aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Katika picha za wawindaji wa zamani, mwenye bunduki husimama mbele kando ya mnyama aliyeuawa, na wapagazi wako nyuma. Dungu halionekani kamwe. Lakini bibi yangu alilala katika dungu msimu mzima, akipiga debe usiku ili nguruwe na viboko wasimalize mpunga. Mnyama aliyekuwa mchezo kwa bwana, kwake alikuwa njaa.

Sisemi hifadhi ni mbaya. Bila ulinzi wanyama wangekwisha. Nasema tu kwamba habari ya mawindo haijatimia mpaka aliyekesha shambani naye ahesabiwe.

Basi, wenzangu, mkikuta picha yoyote, ulizeni maswali matatu: ni wapi, nani yuko juu, na nani hayumo?