Chembe Zinazoshuka na Maji

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza kama mama yake, aliyepimwa kwa siki zahanatini akaambiwa yu salama, ameepukana na kansa zote za tumbo. Swali hilo si dogo, nami naliahidi kulijibu hapa.

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mji wa mimba. Mwuguzi hupaka siki hafifu hapo, na palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Majibu hupatikana papo hapo, ndiyo maana njia hii imeenea nchini mwetu. Lakini siki huonyesha mlango tu.

Njia nyingine ni ya Daktari Georgios Papanikolaou, Mgiriki aliyezaliwa mwaka 1883 akafanya kazi New York. Alianza na chembe za simbilisi, kisha za wanawake. Alipotangaza habari zake mwaka 1928 wengi hawakumjali, mpaka yeye na Herbert Traut walipotoa kitabu mwaka 1943. Chembe hukwanguliwa mlangoni, hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi, na kutazamwa kwa darubini.

Hapa ndipo penye ajabu. Sisi watu wa mlimani tuna mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia migomba. Mtu wa chini akikuta katika mfongo wake majani ya mti usioota kwake, hujua yametoka juu. Vivyo hivyo, mara chache mpimaji huona kiooni chembe ngeni, zisizozaliwa mlangoni. Zimeshuka kutoka ukuta wa mji wa mimba, au mirija, au vifuko vya mayai. Pengine hata kutoka mfuko wa chakula, zikielea katika maji yaliyojaa tumboni na kupita mirijani. Kioo kilichotafuta ugonjwa mmoja kikafichua mwingine!

Lakini jani lisipoonekana, haina maana mti haupo. Kansa ya vifuko vya mayai mara nyingi haiachi hata chembe moja kiooni.

Basi, kijana wangu, mama amepimwa kansa inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania, naye amefanya vema. Dada zako wana chanjo yake, iliyoanza kwa majaribio mkoani kwetu mwaka 2014 na kuenea nchi nzima mwaka 2018. Ila mama akitokwa na damu baada ya kukoma hedhi, au tumbo likijaa kwa majuma na kushiba upesi, asiseme, “Nilikwisha pimwa.” Aende hospitali, amweleze daktari hayo yote bila haya.