Nani Humchagua Mgombea wa Urais?

Mpiga kura wa Tukuyu au wa Mafinga apewapo karatasi siku ya uchaguzi, hukuta majina yamekwisha kupigwa chapa. Hutia alama yake penye jina alipendalo, kisha hurudi nyumbani akijua kwamba amemchagua Rais. Ni kweli amechagua. Lakini amechagua miongoni mwa watu waliokwisha kuchaguliwa na wengine. Uchaguzi huo wa kwanza, ufanywao ndani ya vyama, ndio twataka kuueleza leo, maana wengi hawaujui, na njia zake zimebadilika mara nyingi tangu nchi yetu ipate uhuru.

Yafaa kwanza tujue kwa nini jambo hili ni kubwa. Katiba yetu husema kwamba awaniaye urais hana budi awe mwanachama wa chama cha siasa, tena awe amependekezwa na chama hicho. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, wilaya iliyokuwa ya mkoa wa Iringa kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012, alilipinga sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilimpa haki. Walakini mgombea binafsi hajaruhusiwa. Basi mlango wa kuingilia ni mmoja tu, nao ni chama. Mwenye ufunguo wa mlango huo ana madaraka makubwa kuliko watu wadhanivyo.

Mwaka 1962, Tanganyika ilipojitayarisha kuwa Jamhuri, watu walipiga kura kati ya Julius Nyerere wa TANU na Zuberi Mtemvu wa African National Congress. Tangu 1965 mgombea akawa mmoja. Mkulima wa Nyanda za Juu aliweza kuchagua mbunge kati ya watu wawili, mmoja mwenye alama ya jembe na mwingine mwenye alama ya nyumba. Lakini kwa habari ya Rais aliulizwa tu, Ndiyo au Hapana. Ikawa hivyo mwaka 1970, 1975 na 1980, na kwa kuwa mgombea alikuwa Mwalimu Nyerere yuleyule, swali la nani ateuliwe halikuwasumbua watu sana.

Lilisumbua mwaka 1985, Mwalimu alipong'atuka. Katika vikao vya juu vya CCM yalizungumzwa majina ya Ali Hassan Mwinyi, Salim Ahmed Salim na Rashidi Kawawa. Mkutano Mkuu ulipokutana, jina lililoletwa mbele ya wajumbe lilikuwa moja tu, la Mwinyi, nao wakalikubali. Wachache waliamua; wengi walithibitisha.

Baada ya vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, njia ilipanuka. Mwezi wa Julai 1995, huko Dodoma, wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM waliletewa majina matatu. Jakaya Kikwete alipata kura 534, Benjamin Mkapa 459 na Cleopa Msuya 336. Kwa kuwa hakuna aliyepita nusu, wawili wa kwanza walipigiwa kura tena. Mkapa akapata 686 na Kikwete 639. Aliyetangulia mara ya kwanza hakushinda mara ya pili. Huo ulikuwa uchaguzi hasa, maana mwisho wake haukujulikana kabla kura hazijahesabiwa. Mwaka 2005 majina yalikuwa matatu tena: Kikwete alipata kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476, na Mark Mwandosya, mbunge wa Rungwe Mashariki katika mkoa wa Mbeya, 122.

Lakini mwaka 2015 ulionyesha wazi mahali ambapo uamuzi hukaa. Wanachama 42 walichukua fomu, wakazunguka mikoani kutafuta wadhamini. Wana-CCM wa Iringa na Mbeya walitia sahihi zao, na wengine walidhani kwamba kwa sahihi hizo wamemchagua mtu wao. Sivyo. Udhamini si kura. Kamati Kuu iliyachuja majina yote yakabaki matano. Mwandosya na Harrison Mwakyembe wa Kyela hawakuwamo, wala Edward Lowassa, aliyekuwa na wafuasi wengi sana. Wajumbe watatu wa Kamati hiyo, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walisema hadharani kwamba hawaungi mkono uamuzi ule. Halmashauri Kuu ikapunguza watano wawe watatu. Ndipo Mkutano Mkuu ukampa John Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Kura za mwisho zilihesabiwa mbele ya watu wote; lakini jambo kubwa lilikuwa limekwisha kuamuliwa chumbani, na watu wachache.

Wapinzani nao wasijione safi. Lowassa aliingia CHADEMA tarehe 28 Julai 2015, na kabla ya juma la pili kwisha alikuwa mgombea wake. Wilbroad Slaa, aliyekuwa katibu mkuu wa chama hicho na mgombea wake wa mwaka 2010, akajitenga. Mwanachama wa kawaida wa Mbeya Mjini, aliyekijenga chama kwa miaka mingi, hakuulizwa.

CCM ina desturi kwamba Rais aliyemaliza kipindi cha kwanza hasimamishiwi mpinzani ndani ya chama. Ilikuwa hivyo mwaka 2000, 2010 na 2020. Tarehe 19 Januari 2025 Mkutano Mkuu ulipita hapo: ulimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea pekee hata kabla ya fomu kutolewa, na baadhi ya wanachama wakauliza kama utaratibu umefuatwa. Mwezi wa Agosti Luhaga Mpina alitoka CCM akateuliwa na ACT-Wazalendo. Msajili wa Vyama akautengua uteuzi huo, akisema kanuni za chama chenyewe hazikufuatwa, na mwishowe jina lake halikuwamo katika karatasi ya kura. CHADEMA haikuwa na mgombea. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ulifuatwa na machafuko na vifo. Sababu zake ni nyingi, wala hatusemi kwamba uteuzi peke yake ndio uliozaa msiba ule. Lakini watu wakionapo milango inafungwa mmoja baada ya mwingine, hasira haikosi pa kutokea.

Wako wasemao kwamba kuwashindanisha wanachama huzaa makundi, fitina na rushwa. Neno hilo lina ukweli. Lakini kura iliyofichwa haiondoi makundi. Huyasukuma gizani tu. Hata Marekani walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa na chama cha Democratic mjini Chicago bila kushindana katika kura za awali za majimbo, na nje ya mkutano kukawa na ghasia. Ndipo chama kikabadili kanuni zake, na tangu 1972 kura za wanachama wa kawaida zimekuwa na uzito mkuu.

Sisi hatumpigii debe mtu yeyote. Twasema hili tu: mgombea huchaguliwa pale majina yanapopunguzwa, si pale yanaposhangiliwa. Kwa hiyo, ewe baba, ewe mama uliye mwanachama, usingoje mwaka wa tano. Wajumbe wapandao basi kutoka Iringa kwenda Dodoma kwa njia ya Mtera hutoka katika mashina, matawi na wilaya zenu. Hudhuria mikutano, soma katiba ya chama chako, na kabla hujampa mtu ujumbe umwulize: utakuwa na jina moja mbele yako au mengi? Nani aliyapunguza, na kwa kipimo gani? Utakaporudi, utatueleza? Asiyeweza kujibu maswali hayo hafai kutumwa, maana anakwenda kupiga makofi, si kuchagua.